Kidole Gumba cha Mbithe

Kidole gumba changu cha mkono wa kulia si changu. Usinicheke. Ukikiweka kwenye mashine ya bima, mashine itakuambia ni cha Mbithe, na Frankline wa saiba, yule wa kompyuta, ameniapia mara nyingi kwamba mashine haidanganyi. Basi na iwe hivyo. Mimi ni Celine Awiti, hapa Kaloleni wananiita Mama Odera, nakaanga samaki hapo langoni kwetu, na samaki hao nawageuza kwa kidole cha mtu mwingine.

Mbithe alikuwa mke wa Nzivo, fundi wa kuchonga vinyago. Walipanga chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu, hii nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, ambayo mume wangu Owiti alirithi upangaji wake kwa baba yake. Nzivo alishinda kwenye karakana kule Majengo, na jioni alirudi na gunia la twiga na vifaru wenye nyuso mbaya, wamejaa makovu ya patasi. Kazi ya kuwafanya wapendeze ilikuwa ya Mbithe. Aliketi uani kwenye kigoda, twiga mapajani, anapiga msasa. Kwanza msasa mkali, halafu wa wastani, halafu ule laini, halafu kiwi ya viatu na kitambaa. Alipiga msasa akiwa na mimba ya Ndinda, binti yao, akapiga msasa mpaka Ndinda akaolewa Kitui. Ukimshika mkono, ulikuwa unateleza kama kipande cha sabuni. Vidole vyake havikuwa na mstari hata mmoja, na sisi hatukujua kwamba siku moja hilo lingekuwa kosa.

Kisha tukaambiwa bima ya matibabu sasa ni ya kidole. Vijana wakaja na kompyuta zao kwenye ukumbi wa mtaa, foleni ikazunguka jengo zima. Zamu ya Mbithe ilipofika, mashine ikamkataa. Gumba, ikakataa. Shahada, ikakataa. Msichana wa mashine akamwambia ajifute kwa leso. Akajifuta. Akamwambia apulize. Akapuliza. Nyuma yetu mmoja akasema apake mafuta, mwingine akasema ndimu, wa tatu akauliza kama huyo mama ana vidole kweli au ni vijiti. Mbithe akataka kuondoka. Alikuwa mtu wa haya sana, hata nyanya mbovu alishindwa kumrudishia muuzaji.

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu hapa anajua. Na Kaloleni tunaazimana chumvi, sufuria, viti vya matanga. Msichana alikuwa ameinamia skrini yake. Nikapenyeza mkono chini ya kwapa la Mbithe, nikabonyeza gumba langu. Mashine ikalia tii, taa ikawa ya kijani. Mbithe akaangua kicheko, na wakati uleule kamera ikampiga picha.

"Umeona?" msichana akasema. "Ilikuwa tu kukosa subira."

Tulicheka mpaka nyumbani. Mimi mwenyewe sikujiandikisha siku hiyo, niliwahi mafuta yangu yaliyokuwa motoni. Nikasema nitarudi kesho. Jioni Frankline akanieleza kwamba hiyo kesho haipo tena.

Saiba ya Frankline inatazamana na lango letu. Kila jioni Owiti, ambaye alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu, hubeba kiti chake akaenda kubishana naye. Wamebishana juu ya kila kitu chenye waya. Frankline kompyuta zake zote ameziwekea programu za bure, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua akaona zimeundwaje, na anazihubiri kuliko pasta. Owiti humwuliza, kitu cha bure kikiharibika utamlalamikia nani? Frankline humjibu, na hicho cha kununua, mzee, ulishawahi kumlalamikia nani ukasikika?

Jioni hiyo walikuwa kwenye habari ya mashine za vidole.

"Mashine haina ndugu, mzee," Frankline alisema. "Zamani faili yako ingepatikana kama una mjomba ndani. Sasa hakuna mjomba."

"Hiyo ndiyo shida yake, haina ndugu," Owiti akasema. "Mimi nilikuwa naona mama analia dirishani, nikajua huyu hasemi uongo, nikampigia muhuri."

"Na mwenye kitu kidogo ukampigia miwili."

Owiti akacheka, kwa sababu ni kweli. Hapo nikawasimulia nilivyomsaidia Mbithe, nikidhani watacheka pia. Frankline hakucheka.

"Mathe, hiyo ni kesi," akasema. "Kidole chako sasa ni cha Mama Ndinda. Ukienda kujiandikisha, itatokea sura yake. Na yeye akienda hospitali bila wewe, yeye si yeye. Sasa ukiugua wewe itakuwaje?"

"Nitaugua nikipata nafasi," nikamwambia, nikarudi kwa samaki wangu.

Aliyeugua ni Mbithe. Ilianza na miguu kuvimba, tukadhani ni kukaa sana kwenye kigoda. Kisha uso. Daktari akasema figo zote mbili zimechoka, lazima damu isafishwe kwa mashine Jumanne na Ijumaa, na asiache. Bima ingelipa. Lakini kabla ya kulazwa kwenye kiti cha mashine hiyo, kila mara, lazima mgonjwa aweke kidole.

Basi kila Jumanne na Ijumaa tulikwenda wawili. Tulijifunga leso moja mabegani, ile kubwa ya kujitanda, eti mgonjwa anasikia baridi na mimi namshika asianguke. Tukifika dirishani, mkono wake unabaki ndani ya leso, wangu unatoka. Gumba, tii, kijani. Nesi wa pale aliitwa Nimco. Nadhani alijua tangu wiki ya kwanza, maana mkono wangu ni mweusi kuliko wa Mbithe na unanuka samaki. Alikuwa akitazama pembeni mpaka mashine ilie, kisha anasema, "Karibu, Mama Mbithe," akinitazama mimi. Mungu ambariki popote alipo.

Saa zile za kusafishwa damu nilikaa karibu naye. Alinifundisha nyimbo za Kikamba, mimi nikamfundisha kumtukana Owiti kwa Kijaluo. Nilimpenda. Dada zangu wa tumbo moja sikuwahi kukaa nao hivyo.

Na kidole changu kikawa yai. Mafuta yakiruka, naruka. Nilikuwa nageuza samaki kwa glavu ya fundi wa kuchomelea vyuma, wateja wakawa wananiita injinia. Kisu nikanyang'anywa kabisa. Owiti akawa ndiye wa kukata vitunguu, karani mzima wa reli, analia machozi langoni mchana kweupe, wapita njia wakimpa pole ya msiba. Alilalamika, lakini alikata.

Mbithe hakupiga msasa tena, mikono haikuwa na nguvu. Miezi ikapita. Siku moja tuko uani ananyoosha mkono juani, ananiita. "Mama Odera, hebu njoo uone." Mistari ilikuwa imeanza kuota. Myembamba, lakini ipo, inazunguka kwenye gumba lake vizuri. Tulifurahi kama watoto. Tukakimbia kwa Frankline, tukamwuliza kama sasa tunaweza kuibadilisha, mashine imjue kwa kidole chake mwenyewe.

Frankline alikuna kichwa. "Kubadilisha ni lazima useme cha kwanza kilikuwa cha nani. Ukisema, wanaiita udanganyifu. Wanafunga jina lake kwanza, halafu ndio wachunguze. Kufunga ni mara moja. Kuchunguza ni wao na Mungu."

"Na figo zangu?" Mbithe akauliza.

Tukarudi nyumbani, na Jumanne tukajifunga leso yetu kama kawaida.

Kisha mama yangu akafa.

Mimi ndiye kifungua mimba wa mama. Kwetu Ugenya binti mkubwa hakosi kwenye maziko ya mama yake, na akishafika haondoki kabla matanga hayajavunjwa. Akikosa, au akitoroka, jina lake litasemwa hata na wasiozaliwa. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na nyuma yake Jumanne. Nilimlilia mama yangu na nikaililia Ijumaa, vyote pamoja, na sikuweza kutenganisha.

Nzivo ndiye aliyekuja na shauri. Alikuwa mtu wa maneno machache, maneno yake yote yalikuwa mikononi.

"Mama Odera, nipe kidole," akasema.

Alinikalisha uani kwenye kigoda cha Mbithe. Akayeyusha nta ya mshumaa, akanibonyeza gumba ndani yake, akaivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Akachukua kipande cha mti wa muhugu na ile patasi yake ndogo kuliko zote, anayochongea kope za vinyago. Alishinda hapo. Hakula. Jua lilipoanza kushuka alikuwa na gumba mkononi, gumba langu, na kovu langu la utotoni, na ukucha wangu uliopasuka. Mbithe akalishika, akalipiga msasa kidogo nyuma, kwa mazoea tu, mbele hakugusa.

Frankline alipoitwa alianza kucheka. Kisha akalipeleka chini ya kile kioo chake cha kutengenezea simu, akalitazama muda mrefu, kicheko kikamwisha. "Mistari yote iko," akasema. "Haki, yote."

"Itakubali?" nikamwuliza.

"Sijui, mathe. Hizi mashine hakuna anayetuonyesha ndani yake. Labda inasoma mistari tu. Labda inataka na damu."

Nilichosikia mimi ni kwamba mistari yote iko. Nzivo amechonga simba mpaka mbwa wa mtaa wakambwekea. Kidole kingemshinda vipi? Tuliamini, sote, hata Owiti. Nikambusu Mbithe kwenye paji la uso, nikaenda kumzika mama.

Ijumaa yenyewe simu ya Nzivo ilinikuta jikoni kwa mama, wanawake wanachambua mchele. Alinieleza polepole, na mimi naona kila kitu kama niko pale. Nimco alikuwa likizo. Dirishani kulikuwa na kijana mgeni, Phares. Nzivo na Mbithe wamejifunga ile leso. Gumba la mti likatoka, likawekwa. Mashine haikulia, haikuwaka nyekundu wala kijani, ilinyamaza tu kana kwamba hakuna mtu. Nzivo akalipasha joto mdomoni, akaweka tena. Kimya. Phares akauliza, "Mzee, hiyo ni nini?"

Mbithe akaitupa leso, akaweka kidole chake mwenyewe, chenye mistari yake mipya. Mashine ikawaka nyekundu. Ikasema huyu si Mbithe.

"Mimi ndiye Mbithe," akamwambia kijana. "Mwanangu, niangalie picha, niangalie mimi."

Phares akaangalia picha, akamwangalia yeye. Mgala muue na haki yake mpe, kijana hakuwa mtu mbaya, Nzivo anasema alikuwa karibu kulia. "Mama, sura naiona," akasema. "Lakini mimi sijapewa pa kubonyeza nikisema nimeiona. Hapa pa kubonyeza ni kidole tu."

Kulipa mfukoni hawakuweza. Walikwenda hospitali kubwa, wakakuta watu wamelala kwenye veranda wakingoja, nusu ya mashine zimeharibika, wakaambiwa warudi wiki nyingine.

Nikaomba kuongea na Mbithe. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa na maji.

"Narudi leo," nikamwambia.

"Usithubutu. Mama ni mmoja. Mzike vizuri, Jumanne utanikuta."

"Mama Ndinda, nisikilize."

"Nisikilize wewe. Umeniazima kidole, hukuniazima na mama yako." Akacheka kidogo, akakohoa, akampa Nzivo simu.

Nikabaki. Mama alikuwa azikwe Jumamosi, lakini mvua ya usiku ilikuwa imeharibu barabara, gari la maiti likakwama matopeni. Kisha ndugu zangu wakaanza kugombania mahali pa kaburi, wazee wakaitwa, wakachelewa. Tulimzika Jumatatu. Nilirusha udongo wangu, na kabla watu hawajanawa mikono nikachukua mkoba. Ndugu yangu Caleb akasimama mlangoni, akaniuliza ni binti gani anamkimbia mama yake kwa sababu ya Mkamba wa chumba cha uani. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo hatujasameheana. Kisha nikatoka, na mvua ikanyesha tena, na barabara ikafungwa tena.

Niliingia Kaloleni Jumanne jua limeshachomoza. Gumba langu nilikuwa nimelifunga kitambaa, lisije likakwaruzwa safarini. Nikaona viti vya plastiki vimepangwa langoni kwetu. Nikajiambia ni matanga ya mama yangu, majirani wamekuja kunipa pole. Nilijiambia hivyo hatua zote mpaka uani. Nikamkuta Nzivo ameketi kwenye kigoda cha mke wake, na Ndinda amelala kifudifudi kwenye mkeka, na Owiti akasimama akanipokea mkoba. Mbithe alikuwa amekufa alfajiri, akitafuta pumzi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema. Mimi nilikuwa na kile kimoja tu alichokihitaji, na kilikuwa Ugenya.

Tulipokwenda kumvisha nguo kabla ya kumpeleka kwao, nilimshika mkono. Mistari ilikuwa imekomaa. Ungeweza kuihesabu bila kioo. Mtu alikuwa na kidole chake mwenyewe kizuri, halali, na amekufa nacho. Nilipiga kelele mle ndani mpaka wakanitoa nje, na sioni haya kusema.

Baada ya maziko Nzivo alihama, akarudi Ukambani. Lile gumba la mti aliniachia, akasema ni langu. Liko dirishani. Owiti na Frankline bado hubishana, lakini habari ya mashine za vidole hawaigusi. Siku moja tu Owiti alimwambia, "Ule muhuri wangu, Frankline, hata ule wa kitu kidogo, ungemwokoa." Frankline akasema, "Najua, mzee," akaendelea kufungua simu ya mteja.

Mwaka huu vijana wamerudi ukumbini na kompyuta mpya. Presha yangu imepanda, Owiti ana wasiwasi, akamtuma Frankline anishike mkono mpaka kwenye foleni. Msichana alikuwa mpole. Nikaweka gumba. Tii, kijani. Kisha akakunja uso.

"Mama Mbithe?"

"Hapana."

"Mfumo unasema wewe ni Mbithe. Na unasema..." Akasita. "Unasema ulifariki."

Nikamwomba anionyeshe. Akanigeuzia skrini, na yeye alikuwa pale. Mashavu yamejaa, macho yamefumba kwa kicheko, meno yote nje. Ile siku. Na pembeni chini ya kwapa lake kilionekana kipande cha mkono wa gauni langu la kijani.

Hatuna picha yake nyingine akicheka. Alikuwa mtu wa kuziba mdomo kwa mkono.

Frankline akamwelezea msichana, kwa sauti ya chini, bila kuficha. Mbithe hayupo tena wa kufungiwa jina. Msichana akasikiliza mpaka mwisho, akasema si neno, kuna njia siku hizi. Anaweza kuomba rekodi ya marehemu ifutwe, kidole kirudi kwangu, na nitapata bima yangu kama watu wengine.

"Na picha?" nikauliza.

"Inafutwa yote, mama. Kidole na picha vinakwenda pamoja."

"Huwezi kunitolea nakala yake?"

"Mfumo haunikubalii."

"Ipige picha kwa simu," Frankline akasema haraka, akitoa yake. Msichana akatikisa kichwa, akaonyesha tangazo la kukataza picha ukutani, na askari wa mlangoni ambaye alikuwa ameshaanza kututazama. "Mathe, kubali tu," Frankline akaninong'oneza. "Mama Ndinda mwenyewe angekwambia ukubali."

Najua angeniambia. Na ningemkatalia, kama nilivyopaswa kumkatalia siku ile ya simu, nikarudi.

"Basi kiache," nikamwambia msichana.

Akaniuliza kama nimeelewa kwamba hivyo sitakuwa na bima. Nikamwambia nimeelewa. Nyuma yangu watu wakaanza kunung'unika, mama toka, foleni ni ndefu. Nikamwomba asigeuze skrini kwanza. Nikafuta gumba langu kwenye leso, nikaliweka tena, na Mbithe akatokea akicheka.